Chembe ya Gunzi

Karakana ya klabu, Lanet, Alhamisi.
Mvua imekwama juu ya Menengai, haitaki kushuka,
nami nina maganda mia mbili ya Bwana Odipo
na kipimo kimoja cha chuma, kifupi kuliko kidole gumba,
kilichotobolewa tundu katikati.

Kazi yenyewe haina maneno.
Ganda unalidondosha, mdomo chini,
linasema *tih*, linatulia.
Kisha unapitisha ukucha juu ya kitako chake.
Kipimo kina vidato viwili:
kitako kikizidi kile cha juu, ganda ni refu,
komeo la bunduki litagoma kufunga;
kikizama chini ya kile cha pili, bega limebanwa mno,
na shaba iliyokosa pa kuegemea
hupasuka kiunoni baruti ikiwaka.
Kati ya vidato hivyo
pana unene wa unywele,
na humo ndimo mtu anamoliweka shavu lake
kila anapolenga shabaha.

Aliyenifunza ni Busienei, fundi wa reli zamani.
Hakuniambia lolote la hekima.
Alinionyesha kovu chini ya jicho,
akasema, "Hili la mwaka niliopima kwa macho,"
akarudia chai yake.

Maganda ya Odipo yalilala kwenye pipa usiku kucha
yakizungushwa ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa,
yakasuguana hadi yakang'aa kama vifungo vya bendi ya polisi.
(Magunzi tunanunua Rongai, kwa Mama Bosibori,
anayedhani tunafuga kuku.
Kila mara huniuliza wanatagaje.)

La kwanza lilisimama juu.
La pili, juu.
La tatu likakaa vyema, nikashusha pumzi.
La nne, juu tena, ukucha ukakwama kama kwenye kizingiti.
Kufikia saa nne asubuhi mkebe wa wakosaji
ulikuwa na maganda arobaini na moja
nami nilikwisha mhukumu mwenyewe:
mwalimu wa hesabu, Njoro, mtu wa pupa,
alikuja hapa Jumanne kuyabana kwa mashine yetu
huku simu imebanwa begani.
Nikampigia.
"Kalibu hukuikaza, mwalimu."
Kimya. Nyuma yake watoto wanakariri jedwali la saba.
"Niliikaza, Jerono."
"Maganda hayasemi hivyo."
Nikakata. Nilijisikia vizuri, nakiri.

Saa sita, bila sababu,
nikafungua boksi la kiwandani,
nikachukua ganda ambalo halijawahi kuonja moto,
nikalidondosha.
Likasimama juu.

Nililiangalia kwa muda.
Nje lori la maziwa lilikuwa likirudi nyuma, likipiga mlio wake.
Kisha nikakiinua kipimo dirishani,
nikafumba jicho moja,
na pale tundu linapoanza kubana, penye bega,
palikaa chembe ya gunzi,
rangi ya ugali wa jana, ndogo kuliko jicho la sisimizi,
imetulia kama mwenye nyumba.

Njiti ya kiberiti ilitosha.
Ikaanguka mezani. Sikuiona tena.

Nikaumwaga mkebe, nikaanza upya.
*Tih.* Ukucha ukapita.
*Tih.* Ukapita.
Thelathini na saba waliachiwa huru
na hakimu aliyekuwa na uchafu kooni.
Busienei alipita na kikombe,
akatazama njiti, akatazama uso wangu,
akaenda kutafuta sukari.

Namba ileile, mara ya pili, ni nzito kubonyeza.
Nilimweleza yote: gunzi, bega, dirisha.
Nilisema samahani kwa sauti ambayo
watoto wa jedwali la saba wangeisikia.
Mwalimu alicheka hadi akakohoa.
Kisha, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, akauliza,
"Arobaini na moja, toa thelathini na saba.
Na hayo manne?"

Nilikuwa nayo kiganjani.
Nilikuwa nimepuliza tundu, nimeyapima mara tatu.

"Hayo," nikamwambia, "ni yako."